Maua ya Siku Kumi

Ukifika Bwera ukataka picha ya pasipoti, watakuelekeza kwa mama mmoja, Docus. Duka lake liko mkono wa kulia ukielekea Mpondwe, ukishawapita wauza viatu vya mitumba, na siku hizi lina pazia moja tu, jeupe. Atakukalisha, atakunyooshea kola, atakuambia tazama hapa, na kabla hujakaa vizuri kazi imekwisha. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki, kwa hiyo kamera huilaza juu ya kiganja. Usimuulize habari ya vidole. Wala usimuulize mapazia ya China yalikwenda wapi, ingawa utatamani. Wageni wote waliowahi kusikia sifa za duka lile huuliza, naye huwajibu kwa kuwauliza wanataka nakala ngapi.

Mapazia yalikuwa manne, na yote manne yalikuwa ya mji mmoja, Nanjing. Docus hajawahi kufika hata Nairobi, achilia mbali China. Habari za Nanjing alizipata kwa Mchina mmoja, fundi mpimaji wa barabara, jina lake Lu, aliyekuja dukani kupiga picha za kibali. Kiswahili cha Lu kilikuwa cha kambini, maneno arobaini hivi, lakini alijua kuyatumia yote. Alipoona Docus anafanya kazi yake kwa usafi, kesho yake akamletea kalenda kutoka kwao. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya mahali ambapo watu wa mji ule huenda kupigwa picha, na kila mahali pana wakati wake. Kuna njia inayopita chini ya hekalu, pande zote mbili miti imejaa maua meupe yenye wekundu kidogo. Kuna ziwa lenye mayungiyungi, nyuma yake ukuta wa zamani wa mji. Kuna mlima wenye majani mekundu kama pilipili iliyoiva. Kuna theluji juu ya ukuta mwekundu wa kaburi la mfalme.

Docus alipeleka kurasa nne Kampala, akazikuza kwenye turubai, kila moja upana wa ukuta mzima. Zilipofika Bwera watu walisimama barabarani wakashangaa mpaka mahindi ya muuza mahindi yakaungua.

Kosa la kwanza alilifanya kwa Lu mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa saba, Lu akataka picha ya kumpelekea mama yake, na Docus, kwa heshima, akamtundikia pazia alilolipenda kuliko yote, lile la theluji. Tuseme kweli, angejuaje? Kwetu migomba ni ile ile Januari na Agosti. Theluji yetu wenyewe, ile ya mlimani, haina mwezi. Mawingu yakiondoka asubuhi unaikuta palepale ulipoiacha. Lu alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka.

"Mama, hapana," akasema. "Mwezi saba, theluji, mbaya. Kwetu, kitu ya baridi ikikuja wakati ya joto, wazee wanasema kuna mutu amedhulumiwa. Mama yangu ataona, atalia."

Akakaa naye mchana mzima, akamwonyesha kwenye kalenda. Theluji, Januari. Mayungiyungi, Julai. Majani mekundu, Novemba. Na maua ya njia ya hekalu, alipofika hapo Lu alinyanyua vidole vyote kumi. Siku kumi tu, mwisho wa mwezi wa tatu. Watu huomba ruhusa kazini kwenda kupigwa picha pale, na ukichelewa unakuta yamelala chini, watu wanayakanyaga.

Docus alikuwa mtu wa kushika neno. Baba yao alikuwa hivyo, mwalimu wa katekisimu huko Nyakiyumbu, mtu aliyeweza kurudi nyumbani kilomita nne kwa sababu alisahau kumshukuru mtu. Tangu siku ile Docus akajiwekea sheria: pazia linatundikwa kwa wakati wake wa Nanjing, na wakati ukiisha linakunjwa. Ulie, usilie. Bibi harusi mmoja kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, alikuja Agosti na shela yake anataka theluji, akatolewa nje na shela yake. Watu walimcheka Docus. Wakipita asubuhi wanamchokoza, "Mama, leo China iko mvua?" Naye anachungulia kwenye kalenda anawajibu bila kucheka, kwamba leo huko wanavaa sweta.

Lakini mtu hucheka mwaka wa kwanza, wa tatu anazoea. Ikafika mahali Bwera nzima ikawa inahesabu siku zake kwa picha za Docus. Mtoto akiulizwa alibatizwa lini, mama anafungua albamu: kuna majani mekundu, basi ni Novemba. Chifu mmoja aliwahi kuamua ugomvi wa mimba kwa sababu ya mayungiyungi. Na nyuma ya kila picha Docus aliandika kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, jina la pazia na mwaka. Hakuandika tarehe. Saa ya kamera yake ilikuwa imekufa zamani, na tarehe ya nini, kama maua yenyewe ni siku kumi tu?

Mwaka 2015 maua yalitundikwa tarehe ishirini na nne Machi yakakunjwa tarehe mbili Aprili, Alhamisi Kuu. Pasaka ilikuwa Jumapili ile. Watu walimwomba siku tatu tu, watoto wavae nguo za sikukuu wapigwe picha kwenye maua. Naome, mke wa afande Ssali wa polisi, alikuja kutoka kambini na watoto watatu waliopakwa mafuta wakang'aa, akaomba kwa upole kabisa. Docus akakataa. Akawapiga mbele ya pazia jeupe lisilo na picha, akawapa picha moja ya bure kwa ajili ya masikitiko.

Sasa hapo ndipo anapoingia Ronnie.

Ronnie ni ndugu yake, mtoto wa mwisho. Kati yao walikuwapo wengine watatu, wote walitangulia. Mama yao alipokuwa anakufa alimshika Docus mkono akamwambia, mmebaki wawili. Docus alimlea Ronnie kwa picha za pasipoti, akamsomesha mpaka alipochoka kusoma mwenyewe. Alikuwa kijana mzuri, mchangamfu, mikono mirefu, akikuomba kitu hujui umempa saa ngapi. Alifanya biashara ya kahawa na rafiki yake Asanasio. Walinunua pikipiki moja wawili, wanapanda vilima vya Bugoye kuchukua kahawa kwa wakulima, wanashuka nayo. Siku nyingine yuko Kasindi, siku nyingine yuko Munkunyu. Hakuna aliyekuwa anamhesabia siku zake.

Jumanne moja, tarehe kumi na nne Aprili, mvua imenyesha tangu alfajiri, mteja hakuna, Ronnie akaingia dukani. Alikuwa amenyoa. Shati jipya. Akakaa kwenye benchi la wateja, akapangusa matope ya kiatu, akasema, "Dada, nitundikie maua."

"Maua imeisha," Docus akasema. "Ungekuja Machi."

"Machi nilikuwa nazunguka. Niko na mutoto wa watu huko Kasese, jina yake Hanifah. Yeye iko na picha ya maua, rafiki zake wote beko nayo. Mimi tu ndiyo sina. Ataona kama mimi si mutu wa hapa."

Docus akatikisa kichwa. Akamweleza habari za Pasaka, alivyomkatalia hata mke wa afande.

"Hao ni watu," Ronnie akasema. "Mimi na wewe tumebaki wawili."

Basi, mwambie nini mtu wa hivyo? Docus alifurahi, tena sana, kwamba ndugu yake amepata wa kumpendezea. Akapanda juu ya kigoda akashusha pazia jeupe, akatundika maua. Mlango ulikuwa umefungwa nusu kwa sababu ya mvua, na barabarani hapakuwa na mtu. Ronnie akasimama chini ya matawi meupe, mikono mfukoni. Docus akaona kwenye kioo cha kamera kwamba ndugu yake amekonda usoni, na kwamba ana mkwaruzo mrefu shingoni, umeanza kupona. Akamuuliza. Ronnie akasema ni miba ya kule kwenye kahawa, akapandisha kola ya shati juu. Picha ikapigwa.

Docus alipomaliza kuichapa, Ronnie akaigeuza nyuma.

"Andika kama kawaida," akasema.

Docus akachukua kalamu ya risasi akaandika: Maua, 2015.

Siku tatu baadaye mto Mubuku ulifurika, ukautoa mwili wa Asanasio. Walimkuta kati ya mawe upande wa chini, na waliomwosha walisema kichwa chake hakikuvunjwa na maji. Mkewe Olivia alikuwa amemtafuta tangu tarehe ishirini na tano Machi, siku aliyopanda Bugoye na hakurudi. Ronnie alikuwa amemwambia Olivia kwamba yeye hakwenda safari ile. Alisema Asanasio alimwachia pikipiki akapanda gari la mzigo peke yake, na kwa namna alivyolisema, na machozi, Olivia akamwamini.

Docus alipata habari akiwa anakata picha za pasipoti. Mkasi ukasimama hewani. Mwanzoni alimlilia Asanasio, kwa sababu alimpenda. Miaka yote alikuja kwenye majani mekundu, kila Novemba, yeye na Olivia, na kila mwaka walibishana nani akae kulia. Halafu, akiwa bado analia, akakumbuka shingo ya Ronnie. Akaacha kulia kabisa. Akakaa pale na mkasi mkononi mpaka mteja akamuuliza kama anaumwa.

Kule Bugoye kuna bibi mmoja, Yudesi, anayepika chakula kando ya njia. Yudesi aliwaambia polisi kwamba siku aliyopotea Asanasio alikula kwake na kijana mwenye mikono mirefu, na wiki iliyofuata alimwona yule kijana akishuka na pikipiki peke yake. Akamtaja Ronnie. Polisi wakamwita Ronnie, naye hakubabaika. Akasema siku zote zile alikuwa Bwera, hakutoka, na ushahidi anao. Akatoa ile picha ya maua.

Afande Ssali akaja dukani na ile picha ndani ya bahasha ya kahawia. Alikuwa Muganda mnene, Kiswahili chake cha amri, lakini siku ile alivua kofia mlangoni.

"Mama Docus. Hii picha ni yako?"

"Ni yangu, afande."

"Mwandiko?"

"Ni wangu."

"Maua unatundika mwezi gani?"

Docus akaweka mkasi mezani. Alijua anachoulizwa, na alijua kwamba afande hajauliza siku ya picha ile. Aliuliza mwezi gani maua hutundikwa.

"Mwezi wa tatu, mwishoni," akasema. "Siku kumi."

"Mwaka huu ulikunja lini?"

"Alhamisi Kuu."

"Hiyo mimi najua," afande akasema, akacheka kidogo. "Bibi yangu alilia. Nikamwambia, huyu mama ni mutu ngumu, lakini picha yake haidanganyi. Sasa leo hiyo ugumu yako imenisaidia kazi. Yule bibi ya Bugoye macho iko mzee."

Akaandika maelezo, Docus akatia sahihi. Kila neno lililokuwamo kwenye karatasi ile lilikuwa la kweli. Aliyasoma maelezo mara mbili akitafuta uongo, hakuuona, na ndiyo maana yalimtisha. Afande alipotoka, Docus alikunja pazia jeupe, akalikunjua, akalikunja tena.

Yudesi akaambiwa arudi kwenye masufuria yake. Kwa wiki kadhaa watu walimcheka, mzee anayeona watu ambao hawapo. Akaacha kuuza pale njiani.

Ungedhani hapo Ronnie angekaa mbali, ashukuru, atulie. La. Akaanza kuja dukani kila siku. Anakuja asubuhi Docus akifungua, anakaa kwenye lile benchi la wateja, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mpaka mlangoni ili kila anayeingia amvuke. Wateja wakizungumza na Docus anasikiliza. Wakiondoka anauliza walitaka nini. Siku ya kwanza Docus alimletea chai. Siku ya nne akagundua kwamba Ronnie hanywi chai mpaka Docus mwenyewe ainywe kwanza.

"Kadi ya kamera iko wapi?" akauliza siku moja.

"Ipi?"

"Ya siku ile."

Docus akamfungulia droo, akampa. Ronnie akaivunja vipande viwili kwa kidole gumba, akaviweka mfukoni mwa shati. Akachukua mkasi wa kukatia pasipoti juu ya meza akawa anaufungua na kuufunga, taratibu, akiangalia nje.

"Umeambia mutu?"

"Nimwambie nini?"

"Vizuri," akasema. "Sisi tumebaki wawili."

Neno lile lile la mama yao. Docus alikuwa amelisikia miaka kumi na miwili, na kila aliposikia lilimtia joto. Siku ile lilimpanda kwenye mgongo kama maji ya baridi. Usiku hakulala vizuri tena. Alikuwa akipima mlango wa nyumba kwa macho, kama komeo lake lingeshika. Akaanza kumwogopa ndugu yake, na kumwogopa mtu uliyembeba mgongoni ni jambo la aibu, huwezi hata kumwambia padri.

Je, alimuuliza? Alimuuliza, mara moja tu, mwezi wa tano, wakiwa wawili dukani. Alisema, "Ronnie, kule Bugoye kulitokea nini?" Ronnie akamtazama bila hasira. Akasema Asanasio alitaka kuchukua pikipiki afanye kazi peke yake. Akainuka akaenda kuiosha ile pikipiki pale nje, mbele ya duka, kwa maji ya Docus na sabuni ya Docus, akaiosha mpaka spoku za magurudumu.

Mwezi wa sita ndugu za Asanasio wakaanza kumsema Olivia. Kama hakuuawa na mtu, walisema, basi alijitupa mwenyewe mtoni, na mwanamume hajitupi mtoni bila kusukumwa na mambo ya nyumbani. Wakamkumbusha kila ugomvi. Wakamwambia hata chumvi ilikuwa inazidi. Mwisho wakamwambia abaki na nguo zake, arudi kwao Nyakiyumbu, na nyumba waachiwe wao. Docus alisikia haya yote kwa wateja, Ronnie akiwa pale pale, anasikiliza, anakata kucha kwa mkasi wa pasipoti.

Ikaja Julai. Docus akatundika mayungiyungi, kwa sababu Julai ni yake, na mikono ilikuwa imezoea. Watu wakaja kama kila mwaka. Lakini yeye alikuwa haangalii tena kwenye kioo cha kamera zaidi ya inavyohitajika. Picha zake za Julai ile, ukiziona, nyingi zimekata vichwa.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Olivia akaingia. Alikuwa na mfuko wa plastiki na mtoto mgongoni. Ilibidi avuke miguu ya Ronnie, na Ronnie hakuikunja.

"Shikamoo dada Docus."

"Marahaba. Karibu."

"Mimi naondoka leo. Nakuja kuomba picha ya baba wa mtoto, unikuzie. Kule kwetu sina picha yake hata moja. Ndugu zake wamechukua zote." Akasita, akamtazama Ronnie kwa upole, maana alikuwa bado anamhesabu rafiki wa mumewe. "Na mtoto, kama utanipigia. Awe na picha moja ya kuondokea hapa. Watu wamesema mengi. Nataka akikua aone kwamba mama yake alitoka hapa mwezi wa saba, mchana, na hakukimbia. Picha yako kila mutu anaamini."

Docus akatafuta kwenye sanduku, akapata ya Novemba iliyopita. Asanasio yuko kulia, Olivia kushoto, majani mekundu nyuma yao. Akaigeuza. Nyuma imeandikwa kwa mkono wake: Majani, 2014. Kila kitu ndani ya lile sanduku kilikuwa cha kweli, miaka saba ya watu wa Bwera, isipokuwa picha moja. Na kwa ajili ya ile moja mwanamke huyu alikuwa anafukuzwa na mfuko wa plastiki.

Akakiweka kigoda chini ya pazia, akapanda. Olivia alidhani anainyoosha mikunjo. Docus akalegeza kamba upande mmoja, halafu upande wa pili, mayungiyungi yakaanguka chini rundo zima. Akavuta bunda refu la turubai lililosimama kwenye pembe, akalitundika, akaliachia likunjuke.

Maua yakashuka ukutani mpaka sakafuni. Nje jua lilikuwa kali, mlango uko wazi. Muuza viatu wa jirani akainua kichwa. Mwanamke aliyekuwa anapita na beseni la nyanya akasimama.

"Mama, China imekuwaje leo?" mtu akauliza kwa utani, kisha utani ukamwishia mdomoni.

Ronnie alikuwa amekunja miguu. "Dada," akasema, chinichini. "Kunja hiyo."

"Sikunji."

"Kunja, nimesema."

Olivia alikuwa anatazama matawi. "Dada Docus, haya si ya mwezi wa tatu?"

"Ni ya mwezi wa tatu," Docus akasema. Alikuwa bado juu ya kigoda, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Niliyatundika mwaka huu mara mbili. Mara ya pili ilikuwa tarehe kumi na nne mwezi wa nne, Jumanne, mvua inanyesha, kwa ajili ya huyu hapa. Siku zile kumi hakuwa Bwera. Yule bibi wa Bugoye macho yake hayana kasoro. Olivia, mumeo hakujitupa. Nenda kituoni mwite afande Ssali. Nenda na mtoto, usikae hapa."

Olivia hakupiga kelele. Alimtazama Ronnie, akatazama shingo yake, mahali ambapo ule mkwaruzo ulikuwa umeacha mstari mweupe, na akatoka akitembea kinyumenyume mpaka alipofika barabarani. Hapo akageuka akakimbia. Mfuko wake wa plastiki ulibaki sakafuni.

Ronnie akainuka. Hakukimbia, na hilo ndilo Docus alilokuwa anaogopa tangu Aprili. Akaenda mlangoni akaufunga, akasukuma komeo, polepole, kama mtu anayefunga duka lake jioni. Ndani kukawa na kiza kidogo, maua tu ndiyo yanaonekana. Mkasi ulikuwa mezani.

"Sasa kweli tumebaki wawili," akasema.

Nje watu waligonga, wakaita, muuza viatu akapiga mlango kwa nyundo yake. Waliokuwapo wanasema haikuchukua muda. Wanasema walisikia turubai likichanika, mchano mrefu, kisha kigoda. Afande Ssali alipofika mbio na askari wawili, walivunja komeo kwa teke la pili.

Ronnie alikuwa amekaa kwenye benchi lake, mgongo ukutani, analia, mkasi miguuni. Hakuwapa taabu. Docus alikuwa amekaa chini, mkono wa kushoto ameufunga kwa kipande cha pazia, na yale meupe ya maua yalikuwa yameshabadilika rangi. Naome, mke wa afande, aliyekuwa amekuja nyuma yao, akapiga magoti amshike, akasema gari liletwe, aende hospitali.

Docus akamsogeza kwa mkono mzima. Akamtafuta afande kwa macho.

"Toa karatasi kwanza," akasema. "Picha ya ndugu yangu nilipiga tarehe kumi na nne Aprili. Maua yalikuwa yameshaanguka siku kumi na mbili. Niliandika Maua kwa mkono wangu. Andika, afande, nitie sahihi, maana huu wa kulia bado unashika kalamu."

Ssali akatazama ule mkono, akatazama gari lililokuwa limeshafika. Akachuchumaa pale chini, akaweka karatasi juu ya goti, akaandika.